Niliifunga Mimi, Akaiwasha Mama Kapinga

Nilikosa. Naanza na neno hilo kabla sijapata nafasi ya kulizungusha, maana mimi ni hodari wa kuzungusha maneno, na mtaona wenyewe. Nilimkosea mwanamke aliyekuwa ananilisha. Sikumpiga, sikumwibia. Nilifungua mdomo nikasema uongo mfupi mbele ya shefu, mkubwa wetu wa kazi, na uongo huo ukamtoa kazini, ukamtoa nyumbani, ukawatoa watoto wake shuleni.

Jina langu silitaji. Atakayenijua atanijua tu, na akinitemea mate ni haki yake.

Mimi ni mtu wa Kasenga. Kwetu ukisimama ukingoni mwa Luapula unaiona Zambia ng'ambo, na kwa sababu hiyo watu wa Lubumbashi hudhani sisi tunazaliwa tukiongea Kiingereza. Sikijui! Najua kusalimia na kuuliza bei ya samaki, basi. Lakini nilipofika mjini nikaona ile heshima, nikainyamazia. Mtu akiniambia, "Weye wa Kasenga, unajua Kizungu ya bale ba Zambia," mimi natabasamu tu na kuangalia pembeni kama mtu mnyenyekevu. Kumbe ni mwongo.

Ilikuwa miaka ile ya chama kimoja, tunavaa abakosti, ile suti ya chama isiyo na tai, tunaitana citoyen, yaani raia, na shaba bado inaulisha mji. Umeme nilijifunza katika atelie, karakana ya mgodini, kwenye mitambo mikubwa. Baadaye nikahamishiwa ofisi ya ghala la unga, pale wake za wafanyakazi walipokuja kuchukua posho ya nyumba zao. Nilikuwa fundi wa taa, wa feni, wa kila chenye waya.

Katika ofisi hiyo kulikuwa na kompyuta moja ya mezani, na aliyeitumia alikuwa Mama Kapinga.

Huyu mama alikuwa mjane. Wazazi wake walitoka Kasai zamani, yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa Lubumbashi, lakini watu hawakuacha kumwita wa kuja. Mumewe alifia mgodini. Alipokufa, wakubwa walimpa mama kazi ya kuandika majina kwenye mashine, na wakamwachia nyumba ya kambi akae na watoto wake. Sharti lilikuwa moja tu, na kila mtu alilijua: kazi ikiisha, funguo zinarudi.

Alinizidi umri, akaniita muloko, yaani mdogo wake. Mimi nikamwita yaya, dada mkubwa. Mke wangu alipokuwa bado Kasenga, Mama Kapinga alinigawia bukari yake, ugali wa huku, kila mchana, na bitoyo, wale samaki wa chumvi wanaotoka kwetu. Ladha ya nyumbani kwetu niliipata kwenye sahani ya mwanamke wa Kasai! Na ndiye huyo huyo niliyemtupa.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa.

Mvua za mwaka ule zilikuja na radi. Radi ya Lubumbashi mnaijua, haina adabu. Ikapiga karibu na ghala, na kompyuta ikafa. Kilichokufa ni ule ubao mkubwa wa kijani ulio ndani, ambao vipande vyote vya mashine hupandwa juu yake. Sisi tuliuita kwa Kifaransa, carte mère, ubao mama. Ni mama kweli, maana ukifa huo, vingine vyote ni yatima.

Ubao mpya uliagizwa Ulaya ukakaa njiani mpaka tukausahau. Kwa muda wote huo majina yaliandikwa kwa mkono, na foleni ya akina mama ilizunguka ghala, watoto mgongoni, jua kichwani. Ubao ulipofika, shefu wetu, citoyen Kalenga, akatuita wote. Alikuwa anatoka jasho. Mkubwa mmoja wa chama alikuwa anakuja mjini, na shefu alitaka kumwonyesha ile mashine ikitoa majina yenyewe.

"Nani anaweza kuiweka hii kintu?" akauliza. "Ama tuite muntu ya mu ville?"

Katikati ya mji kulikuwa na fundi anayeijua kazi hiyo. Tungemwita, angekuja, mambo yangekwisha. Lakini nilisikia mkono wangu ukipanda wenyewe.

"Shefu, hapana kuita muntu. Mu Kitwe niliona banafanya hii kazi. Ni bintu ya kuchezea."

Kitwe, ng'ambo Zambia, nilikwenda mara moja kumsalimia mjomba. Kompyuta niliiona kwenye dirisha la duka, na dirisha lilikuwa limefungwa.

Asubuhi ya siku yenyewe ya mgeni umeme ulikuwa umekatika mji mzima. Nikasema afadhali, nitafanya kazi kwa utulivu. Nikaiweka mashine mezani karibu na dirisha, nikaifungua. Mama Kapinga alikaa pembeni na kitabu kidogo kilichokuja ndani ya boksi la ubao. Akakigeuza geuza.

"Muloko, hii kitabu yote iko mu Kizungu ya Zambia. Utaisoma?"

"Nilishaisoma, yaya."

"Yote? Tangu asubui?"

"Yote."

Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Kule ku kanisa yetu kuko mwalimu moja wa Ndola, kule Zambia. Tumuite atusomee mara ingine? Bamacho mbili ni muzuri kupita moja."

Nikakasirika! Nikaona ananivua nguo. "Yaya, weye andika majina. Courant, hii umeme, ni kazi yangu."

Akakiweka kitabu mezani. Aibu ya jibu lile ninayo mpaka leo.

Basi nikafanya kazi, na lazima niseme kwamba mwanzo nilifanya vizuri, maana mkono wa fundi ninao. Niligusa chuma kwanza ili mwili usiwe na chaji. Nilitoa vipande vya juu kimoja kimoja. Nilichomoa nyaya, nikafungua skrubu, nikautoa ubao uliokufa na kuweka mpya juu ya miguu yake ya shaba ili mgongo wake usiguse bati. Vipande vya kumbukumbu nilivikandamiza mpaka vikakaa. Kuna pia vidaraja vidogo sana, vya kuuambia ubao una kumbukumbu kiasi gani na skrini ya aina gani. Hivyo nilivipanga vile vile vilivyokuwa kwenye ubao wa zamani. Mpaka hapo hata fundi wa mjini angenisifu.

Zikabaki plagi mbili zinazoleta umeme kwenye ubao. Zinakaa sambamba, bega kwa bega, na zinafanana kama mapacha. Kila moja ina nyaya za rangi, na kwenye kila moja waya mweusi uko upande mmoja. Ukizibadilishana nafasi zinaingia tu, kwa kulazimisha kidogo. Zile za zamani nilikuwa nimezichomoa kwa haraka huku napiga mluzi, wala sikuangalia ipi ilikuwa wapi.

Sasa, sisi tuliosomea umeme mgodini tulikuwa na sheria moja tuliyoimeza kabla ya nyingine zote. Kule kwetu waya mweusi ndio unaobeba moto. Weusi wawili hawakutanishwi. Nilimwona mwenzangu akirushwa ukutani kwa sababu hiyo, na viganja vyake havikurudi kuwa viganja. Kwa hiyo sikufikiri hata kidogo. Niliweka weusi huku na weusi kule, mbali mbali, kwenye ncha za nje. Nikajiona mwenye akili! Nikasema moyoni, hawa Wazungu wanafunga vitu vyao bila tahadhari, bahati yao wamenipata mimi.

Kumbe kwenye kompyuta mweusi haubebi moto. Mweusi ni wa kurudisha ardhini, na weusi wote lazima wakutane katikati. Nilichofanya ni kuupeleka umeme moja kwa moja mahali usipotakiwa.

Nikafunga kifuniko. Umeme bado haujarudi. Mara tukasikia honi ya lori nje. Wafanyakazi wote walikuwa wanachukuliwa kwenda kusimama kando ya barabara kumpokea yule mkubwa wa chama, kupiga makofi na kuimba. Mama Kapinga aliachwa ofisini kwa sababu ya akina mama waliokuwa wanangoja unga. Mimi kama fundi ningeweza kuomba kubaki. Lakini nilitaka shefu anione mstari wa mbele, nimwambie kwa mdomo wangu kwamba kazi imekwisha.

Nikamwonyesha Mama Kapinga kitufe. "Yaya, courant ikirudi tu, washa. Bonyeza hapa. Ikileta maneno usiguse tena. Nikirudi nitaiambia tarehe na aina ya disk yake, kisha njo itaandika majina."

"Nibonyeze tu?"

"Bonyeza tu."

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Hayakuwa mengine. Yashikeni, maana baada ya hapo niliyabadilisha.

Kule barabarani nilijipenyeza mpaka kwa shefu. Nikamnong'oneza, "Iko tayari, shefu." Akanipiga bega. Akanyoosha abakosti yake kama mtu aliyepona homa. Mara redio ya baa iliyokuwa upande wa pili ikalipuka kwa muziki, watu wakashangilia: umeme umerudi! Nami nikashangilia. Nilicheza, jamani. Nilicheza saa ile ile Mama Kapinga alipokuwa anabonyeza.

Niliporudi nilikuta harufu mlangoni. Harufu ya plastiki iliyoungua, inakaa kooni. Akina mama wa unga walikuwa wamesogea nje. Mama Kapinga alisimama katikati ya chumba, mikono kichwani.

"Muloko, nilibonyeza mara moja tu! Moja tu! Ikatoa moshi. Nikanyofoa ile prise mu ukuta. Sikugusa kintu ingine, naapa mbele ya Mungu."

"Ongoja, yaya. Ongoja. Niletee maji ya kunywa."

Maji sikuyataka. Nilitaka atoke. Alipotoka nilifungua kifuniko, nikaona doa jeusi kwenye ubao, karibu kabisa na zile plagi mbili. Nikakivuta kile kitabu nilichosema nimekisoma chote, nikafunua, na mbele kabisa kulikuwa na picha. Picha, ndugu zangu! Picha haihitaji Kiingereza. Weusi kwa weusi, katikati, imechorwa kubwa mpaka mtoto angeelewa.

Mayo, mama wee! Nilijua palepale. Sikuwa na shaka hata ya kujidanganyia.

Na mikono yangu, hii ninayoandikia, ikafanya kazi kabla ya kichwa. Nikazichomoa plagi, nikazibadilisha nafasi, nikazikandamiza kama picha ilivyoonyesha. Ni jambo dogo, halichukui muda wa kupenga kamasi. Mama Kapinga alirudi na maji akanikuta nimeinamia mashine kama daktari anayesikitika.

Shefu akaingia, na nyuma yake katibu wa chama wa pale kazini, mtu ambaye hata salamu yake ilitutia baridi.

"Nani aliwasha?" akauliza shefu.

"Ni miye, shefu," akasema Mama Kapinga. Hakungoja hata. Alijibu kama watu wakweli wanavyojibu.

Shefu akanigeukia. "Na weye, ulifunga muzuri?"

"Muzuri, shefu. Angalia." Nikamfunulia ile picha, nikamwonyesha na plagi. Picha iliyonihukumu nikaigeuza kuwa shahidi wangu! Akaangalia, akaona vinafanana.

Katibu akasema polepole, "Leo? Siku ya mugeni, njo machine inaungua? Hii si sabotage?"

Mliokuwepo miaka ile mnalijua neno hilo, hujuma dhidi ya taifa. Likishatamkwa chumbani, mtu mmoja lazima aondoke nalo. Nililisikia likinitafuta.

"Sasa iliungua juu ya nini? Sababu ni gani?" shefu akaniuliza.

Nikasema, "Courant ikirudi, inarudi na nguvu mingi. Nilimuambia angoje itulie kwanza, njo awashe."

Ndio huo. Ndio uongo wenyewe, wote.

Mama Kapinga akanitazama. Ningependa kusema alinitazama kwa hasira, ingenisaidia. Lakini hapana. Alinitazama kama mtu aliyepoteza kitu ndani ya nyumba yake na anajaribu kukumbuka alikiweka wapi.

"Uliniambia vile, muloko?"

"Nilikuambia, yaya. Ulikuwa unacheka, labda haukusikia."

Akafikiri. Watu wote wanamngoja, naye anafikiri kweli kweli.

"Pengine," akasema. "Pengine sikusikia muzuri. Nilikuwa na furaha sana juu ya ile machine."

Aliniamini kuliko masikio yake! Ningekuwa mtu, ningelia palepale.

Waliomhoji walimhoji mara nyingi. Nani amekutuma? Unakutana na nani? Katika korido watu walinong'ona, "Ni muntu ya kule Kasai, bale banapendaka kujifanya." Watu waliokula mikate aliyowaletea wakati wa sikukuu! Nami nilikuwa nasimama nao, natikisa kichwa kidogo, si ndiyo si hapana. Mwishowe hawakumfunga. Waliandika kwamba amekuwa mzembe na mali ya taifa, wakamwachisha kazi. Funguo zikarudi.

Mtaniambia niliogopa. Niliogopa, ndiyo. Lakini msinipe pole mapema. Yule mkubwa wa chama aliondoka, katibu akahamishwa, neno lile la sabotage likasahaulika kama mvua ya mwaka jana, na mimi bado sikusema. Wakati huo haikuwa woga tena. Nilikuwa nimefanywa mkubwa wa mashine, nina meza yangu na kiti cha kuzunguka. Ubao mwingine ulipofika niliufunga mimi, safari hii nikiwa na kile kitabu mapajani. Nilipowasha ikauliza tarehe, nikaipa. Ikauliza aina ya disk, nikaipa. Majina yakaanza kutoka. Watu wakanipigia makofi, na shefu akasema mbele ya wote, "Munaona? Muntu akifuata maagizo, kintu inatembea." Nikainama kwa shukrani. Nilitamani sakafu inimeze.

Kabla Mama Kapinga hajaachishwa kazi, mke wangu alikuwa amekuja kutoka Kasenga, tumejenga vyumba vyetu Ruashi, mtaa wa pembeni mwa Lubumbashi. Mama Chola, hilo ndilo jina tunalomwita kwa mtoto wetu wa kwanza, aliimba kwaya moja na Mama Kapinga. Hakujua lolote. Siku Mama Kapinga anahama kambini, mke wangu alikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Alirudi jioni.

"Ameosha nyumba yote," akaniambia. "Hata madirisha, hata kule ku choo. Nikamuuliza, yaya, unaosha juu ya nini na banakufukuza? Akasema, sipendi baseme niliharibu kintu ingine tena."

Bukari ilikuwa mbele yangu. Niliitazama mpaka ikapoa.

Tangu hapo nyumba yangu ilibadilika, au mimi nilibadilika ndani yake. Kanisani nilianza kuchelewa, halafu nikaacha. Pombe niliijua vizuri zaidi. Watoto wakigombana, mmoja akisema "si mimi, ni yeye," nilikuwa natoka nje haraka nisije nikaulizwa niamue. Mke wangu alidhani nina mwanamke mwingine. Alinichunguza, akalia, akawaita ndugu zake. Siku moja wameketi wote sebuleni wanataka jina la huyo mwanamke, nikasema, "Mwanamke yupo. Ni Mama Kapinga." Wakaruka! Halafu nikawaeleza.

Shemeji zangu waliondoka bila kuaga. Mama Chola alibaki ameketi.

"Miye unaniambia ya nini?" akasema. "Miye si ule ulimukosea. Nenda umuambie yeye. Ukirudi umemuambia, tutaongea. Mbele ya pale, kama haujamuambia, usiniite mama ya watoto wako."

Mama Kapinga alikuwa amekwenda kuishi Kasomeno, kwa dada yake, kwenye njia ya kwenda Kasenga. Mtu wa Kasenga hana namna ya kufika kwao bila kupita Kasomeno, na mimi kwa miaka hiyo yote nilipopita pale nilijifunika kofia usoni, nikijifanya nimelala. Safari hii nilishuka. Nilishuka kwenye lori la wafanyabiashara wa samaki, nguo zimejaa vumbi, na njia nzima nilikuwa nimekariri maneno yangu: yaya, haukukosa, nilifunga vibaya, nikadanganya. Mafupi tu. Niliyarudia kila lori liliporuka shimo.

Aliniona yeye kwanza. Alikuwa anauza unga wa muhogo kando ya barabara, amekonda, kitambaa kimefungwa chini mpaka kwenye nyusi.

"Muloko! Ni weye kweli?"

Akasimama, akanipa kigoda chake mwenyewe, akaketi chini kwenye gunia. Akamtuma bintiye Mbuyi alete maji na bukari. Huyu Mbuyi, mama yake alikuwa anatuambia kila mchana ofisini kwamba atakuwa muuguzi, anashika masomo haraka. Nilimwona akikimbilia malori na sinia ya karanga kichwani.

Nikavuta pumzi. Nikasema, "Yaya, nimekuja juu ya ile machine."

Akaniwekea mkono kwenye goti.

"Ongoja, muloko. Acha niseme miye kwanza, maana hii kintu inanila mu roho tangu zamani. Ni Mungu njo amekuleta. Nilikuharibia kazi yako. Ulifunga muzuri, ukaniambia ningoje courant itulie, na miye nikakimbilia kubonyeza kama mutoto. Mbele, pale mwanzo, nilikuwa nabisha mu roho yangu, nasema hapana, hakuniambia. Lakini nilifikiri, nilifikiri, na sasa nakumbuka kabisa. Nasikia hata sauti yako: yaya, ongoja itulie. Nilikosa. Nilitaka kukuomba samahani na sikujua nitakupata wapi."

Alikumbuka sauti yangu ikisema kitu ambacho sikukisema! Kwa uaminifu wake alikuwa amejijengea kumbukumbu ya uongo wangu, akaiweka kichwani, akakaa nayo.

"Huku hakuna courant," akaendelea, "na minashukuru. Hata nikienda Lubumbashi kwa bandugu, siwashake taa. Naita batoto bawashe. Naogopa mukono yangu. Unisamehe, muloko."

Maneno yangu yalikuwa hapa, kwenye ulimi. Nayasikia hata sasa. Nilihitaji tu kufungua mdomo, na niliufungua.

Nikasema, "Hapana mambo, yaya. Nimekusamehe. Yalishapita."

Akalia. Alilia kwa furaha, akajifuta kwa kitenge, akamwita Mbuyi kwa sauti, "Kuja! Kuja umusalimie baba! Amenisamehe!" Na yule binti akaja, akapiga goti mbele yangu mavumbini, akanishukuru.

Nilikula bukari yao. Wakanifungia samaki wa kupeleka kwa mke wangu.

Nilipofika Ruashi, Mama Chola alikuwa mlangoni. "Ulimuambia?"

"Nilimuambia."

"Na yeye akasema nini?"

"Tumesameheana."

Akafunika uso kwa mikono miwili, akamshukuru Mungu. Akachinja kuku. Akaniita baba mbele ya watoto, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya shemeji. Nikala, nikamsifu mapishi, nikalala kitanda kimoja na mke wangu. Ananiona mtu mwema. Hata kanisani amenirudisha.

Haya sasa, mmeyasikia. Sina mtu mwingine wa kumweleza, maana wote niliopaswa kuwaeleza nimeshawadanganya. Nimefikiri kurudi Kasomeno. Kila nikiwaza safari hiyo namwona yule binti amepiga goti, naahirisha.

Nawaonya ninyi wengine. Fundi, kama kitu hukijui sema hukijui, watakucheka asubuhi na mchana wamesahau. Na wewe uliyemtupia mwenzako kosa lako, usijidanganye kwamba utasema siku utakapopata nafasi nzuri. Nilipewa nafasi nzuri kuliko zote, nimekalishwa kwenye kigoda, nimeshikwa goti. Ukifika mbele yake sema hapo hapo umesimama, kabla ya salamu, kabla hajakuletea maji, na usimruhusu aanze yeye. Mimi nilimruhusu, na Mama Kapinga mpaka leo, akija Lubumbashi, anawaita watoto wamwashie taa.